Gari Lililofunzwa Kuogopa

1

Kabla hakujapambazuka nilisikia mkasi ukigonga ukingo wa bakuli la chuma. Kimya kidogo, halafu ukagonga tena. Nikajua mjukuu wangu Subilaga amerudi, na nikajua amerudi na habari gani. Mama akijifungua salama, Subilaga huacha vyombo vyake kwenye maji ya dawa, akalala. Mama akifa, huviosha papo hapo, kimoja kimoja.

Nilijifunga khanga nikaenda jikoni. Damu ilikuwa imemfika viwikoni, imeanza kukauka na kupasuka kwenye vifundo vya vidole.

"Ni yule wa mapacha?" nikauliza.

"Ndiyo, Bibi. Betri ya bajaji ilikata katikati ya mteremko. Tukasukuma, mimi na dereva na mume wake. Tukawa tunateleza kwenye damu yake." Akaweka mkasi chini. "Alipokata roho, mume wake akanipiga."

Akageukia taa nikaona. Jicho la kushoto lilikuwa limefunga kabisa.

"Na watoto?"

"Mmoja yupo. Yule baba alinipiga ngumi mbili, Bibi, halafu akanishika nisianguke. Akavua koti lake akanivika, maana nilikuwa natetemeka."

Koti lilining'inia kwenye msumari wa mlango, linanuka moshi na mvua. Nikamwosha mikono kidole kwa kidole, kama nilivyomwosha alipokuwa mdogo. Hakulia. Alikuwa ananitazama kwa jicho moja kama anayesubiri nimwambie jambo.

Mama huyo alikuwa wa tatu mwaka ule kufia kwenye mteremko wa Ilalo. Mafuta yalikwisha nchini nikiwa bado namnyonyesha mama yake Subilaga, na tangu hapo sisi wa milimani tunapanda kwa betri. Betri za bei ndogo hufika katikati ya mlima zikazimika. Betri inayopanda mlima wetu mara tatu bila kuchajiwa hutengenezwa kwa ajili ya magari ya matajiri tu, na haikubali kuhamishwa kwenda gari jingine. Ukiitaka, ununue gari zima, na viti vyake vya ngozi.

Asubuhi ile nikauza kishamba changu cha chai.

2

Muuzaji wa magari yaliyotumika mjini aliitwa Kyando, kijana mnene mwenye taulo shingoni. Alituletea viti kabla hajatuletea gari. Hilo nililiweka moyoni.

"Shikamoo, Bibi. Unatafuta gari la kutembelea?"

"Marahaba, mwanangu. Natafuta la kubebea wajawazito."

Akacheka. Alipoona sicheki, akaacha.

Gari alilotuonyesha lilikuwa la bluu iliyoiva hadi karibu na weusi, milango yake ikijifungua kabla hujaigusa. Subilaga alilizunguka mara moja, akaingia kiti cha nyuma, akalala chali, akakunja magoti na kuyapanua kama mwenye uchungu.

"Dada, wenzio huuliza redio," Kyando akasema.

"Redio haizalishi." Akapima kwa kiganja nafasi iliyobaki miguuni. "Bibi, mkunga anaenea hapa. Hata akipiga magoti anaenea."

Nikamtazama Kyando. "Mbona bei yake ni ya bajaji mbili?"

Kijana akajifuta jasho lisilokuwepo. "Ningeweza kukuficha, lakini umeniita mwanangu. Hili ndilo lililomuua Mzee Mwaipaja."

Wote tulikuwa tumeisikia habari hiyo. Mzee Mwaipaja wa bonde la pili aliuawa njiani na gari la mwanawe, na aliyekuwa kiti cha mbele ni mke wa mwanawe, binti mmoja aitwaye Tumpe. Magari ya aina hii yana ulinzi. Kiti kinasikiliza mapigo ya moyo wa anayekaa mbele, usukani unaonja jasho la viganja, na kamera mbili zinatazama, moja nje na moja ndani. Gari linajifunza, mwezi kwa mwezi, bwana wake anamwogopa nani. Siku ya hatari linapiga bila kusubiri kuambiwa. Kwa sababu hiyo sheria ikasema hofu ya aliyekaa mbele ni amri yake. Gari likiua, ameua yeye.

Polisi walipomuuliza Tumpe kama alikuwa anamwogopa yule mzee, alijibu, "Ndiyo, namwogopa sana." Wakaandika. Mahakamani akaulizwa aliyekufa anaitwa nani, akakataa katakata kulitaja jina. Hakimu, mgeni kutoka mikoa ya mbali, akaona huo ni ukaidi na chuki. Tumpe akafungwa miaka thelathini. Mimi mwenyewe niliposikia habari hiyo nilitema mate, nikasema, mwanamke gani huyo.

"Litaoshwa," Kyando akasema haraka. "Sheria yenyewe ndiyo hiyo. Jina la mwenye gari halibadilishwi kabla gari halijaoshwa kumbukumbu zote, labda mnunuzi mwenyewe akatae kwa dole gumba. Likitoka huko halimjui mtu. Litaanza upya kama mtoto mchanga."

"Na leo?"

"Leo bado. Lakini mkijaribu barabara ya kijijini tu, mwendo wa pole, hakuna neno."

3

Subilaga akakaa mbele kwenye usukani, mimi pembeni yake, Kyando nyuma. Gari lilikuwa linajiendesha, kazi yetu ilikuwa kukaa tu. Lilipanda mteremko wa Ilalo bila kuhema. Subilaga akaweka mkono mdomoni, nikaona anahesabu kona kimoyomoyo. Hapa alifia nani, hapa nani.

Juu kabisa, karibu na kituo cha kupimia chai, alitokea Mzee Gwakisa amebeba mkungu wa ndizi begani. Ni baba mkwe wa Subilaga, baba wa mume wake aliye mbali kikazi.

Wasiotujua inabidi niwaeleze. Kwetu mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala halitaji jina lake, mpaka mkwe mwenyewe amfungue kwa zawadi. Akimwona njiani, hujiinamia, hujifunika kichwa, hugeukia kando mpaka mzee apite. Mzee mwema naye hugeuka, ampe mgongo, ili binti asipate tabu. Tunaita hivyo kumwogopa mkwe. Neno ni hilohilo la mtu anayeogopa chui, ila maana yake ni heshima. Siku hizi wengi wameacha. Subilaga hakuacha kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha.

Basi alimwona, akafanya kama nilivyomfundisha. Akajiinamia hadi paji likagusa usukani, akavuta khanga kichwani, moyo ukamwenda mbio kwa haraka ya kujificha.

Gari likaruka.

Sina neno jingine. Lilitoka mwendo wa mtu anayetembea likawa jiwe lililorushwa. Nilimwona Mzee Gwakisa akianza kugeuka atupe mgongo, mkungu ukamlemea, akachelewa, akaliona. Akajitupa mtaroni. Pua ya gari ikamkuta mguu ukingoni mwa mtaro. Nilisikia mfupa. Ndizi zikaruka juu ya kioo kama vidole.

"Limegonga nini? Bibi, limegonga nini?" Subilaga bado yuko chini ya khanga.

Gari likarudi nyuma. Nilidhani linakimbia. Halikuwa linakimbia, lilikuwa linajipanga.

Watu wa kituo cha chai walikuwa wameona. Walikuja na mawe, majembe, na mizani ya chuma. Jiwe la kwanza likapasua kioo cha nyuma, likamkata Kyando sikio. Subilaga akainuka, akawaona, akapiga kelele. Gari likaisikia hofu yake mpya, likamgeukia aliyekuwa mbele, kijana mwenye jembe, likamtupa kando kama gunia. Akaanguka kifudifudi, akabaki anajikokota kwa viwiko. Watu wakaingiwa na wazimu. Jembe likatoboa mlango wangu kwa juu, ncha ikaingia shubiri moja kutoka kwenye shavu langu, ikatoka, ikaingia tena.

Kyando akalia, "Dada, usiogope! Ukiogopa linaua! Tuliza moyo!"

"Nitatulizaje? Nitatulizaje, wewe?"

Nikamshika mkono. Nilikuwa na hofu kuliko yeye, lakini gari halikuwa linanisikiliza mimi. Nikauweka mkono wake juu ya tumbo langu, nikaanza kumwambia polepole, "Ndaga, mama. Ndaga." Kwetu neno hilo ni pole, ni asante, ni salamu, ni lote. "Vuta pumzi kama unavyowaambia wazazi wako. Unawaambiaje?"

"Vuta... vuta kwa pua..."

Kioo cha mbele kikamwagika mapajani mwetu. Gari likanguruma, likasogea mbele hatua moja. Mbele yetu alikuwepo mwanamume ameinua jiwe kwa mikono miwili. Nilimwona, kabla ya kurusha, akimsukuma binti mdogo aliyekuwa nyuma yake asogee pembeni. Nikamwambia Subilaga, "Tazama yule. Ana mtoto nyuma yake. Si mtu mbaya, amekasirika tu."

"Toa kwa mdomo," Subilaga akasema, na kope zikamtulia. Jiwe likaja, likampiga begani. Hakushtuka. Sijui alifanyaje, na mpaka leo sijui. Alipigwa jiwe la pili kifuani akawa anapumua kama mtu aliyelala, na damu inamtoka puani. Gari likanyamaza. Milango ikafunguka yenyewe, taratibu, kama ilivyotufungukia kule kwa Kyando.

Walimvuta Kyando kwanza. Walimpiga kwa mpini wa jembe mpaka meno mawili yakabaki kwenye nyasi. Mimi walinikanyaga mkono. Kelele zilikatwa na sauti ya Subilaga, ambaye hakuwa akikimbia. Alikuwa mtaroni.

"Nipeni kamba! Nipeni mkanda, damu inaruka!"

Lakini uso alikuwa ameugeuza pembeni. Mikono yake ilikuwa inapapasa goti la Mzee Gwakisa kama kipofu, inateleza, na damu inaruka kwelikweli.

"Subilaga, tazama!" nikampigia kelele.

"Ni baba, Bibi!"

"Mguu ni mguu. Mtazame au afe!"

Akageuza uso. Wakatazamana, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Mzee akafumba macho yake yeye, ili amrahisishie. Subilaga akafunga mkanda juu ya goti, akaukaza kwa mpini uleule uliompiga Kyando, na yule mwanamume wa jiwe akavua shati akaliweka chini ya kichwa cha mzee.

4

Wodini, askari alikuja na daftari. Kijana mwenye jembe alikuwa kitanda cha pili, mbavu nne zimevunjika. Mzee Gwakisa alikuwa amekatwa mguu chini ya goti.

"Mzee, nani alikuwa kiti cha mbele?"

"Sijaona gari," Mzee Gwakisa akasema. "Niliteleza mtaroni. Mkungu ulikuwa mzito."

"Na huyu mwenye mbavu?"

Yule kijana akatazama dari. Alimtazama mzee, akatazama tena dari. "Nami niliteleza," akasema.

Askari akafunga daftari kwa nguvu. "Milima yenu inateleza sana mwaka huu."

Alipotoka nikakaa kwenye ukingo wa kitanda na mkono wangu uliofungwa bandeji. Wakati huo ndipo nilipomfikiria Tumpe. Mjukuu wangu alikuwa amefanya kitu kilekile alichokifanya Tumpe, kwenye kiti kilekile, na yuko nje anakunywa maji. Walitofautiana kwa jambo moja tu. Mkwe wa huyu alibaki hai akadanganya kwa ajili yake.

Jioni Kyando alitufuata, mdomo umevimba, anazungumza kwa tabu. "Bibi, kesho nalipeleka likaoshwe. Vioo nitaweka vipya kwa gharama yangu. Bei nakupunguzia tena. Likioshwa ni kondoo."

"Na likioshwa, picha za ndani zinakwenda wapi?"

"Hazipo tena."

"Mahakama iliziona?"

Akatikisa kichwa. Mahakama iliona picha za nje tu. Picha za ndani ni siri ya mwenye gari, hakuna anayezifungua ila yeye. Mwenye gari alikuwa mume wa Tumpe, mtoto wa marehemu, na yeye hakutaka kuona baba yake akifa mara ya pili. Aliuza akahama.

"Nikinunua bila kuosha?"

"Bibi, acha."

"Nauliza, mwanangu."

"Unaweza. Unaweka dole gumba, unakuwa mwenyewe, unafungua. Lakini anayenunua bila kuosha anabeba fidia ya makosa yote ya gari. Na ukilifikisha mahakamani, litakuwa kidhibiti. Litakaa kwenye uwanja wao mpaka lioze. Hutambeba mjamzito hata mmoja."

Subilaga alikuwa amesimama dirishani, bandeji begani na nyingine kichwani. Hakugeuka.

"Nina wanawake kumi na saba mwezi huu, Bibi," akasema. "Kumi na saba. Tumpe ni mmoja."

"Najua."

"Na kumbukumbu hiyo ina picha yangu pia. Leo nimo. Ukiifungua, baba amedanganya bure. Mimi naingia alikoingia yeye."

"Najua, mama."

"Basi kwa nini unaniuliza?"

"Sijakuuliza. Nimemuuliza Kyando."

Akacheka kidogo, akashika mbavu. Nilikuwa tayari kusema lioshwe. Nawaambia ukweli, neno lilikuwa mdomoni. Nilimlea mtoto huyu tangu mama yake alipofariki, sikumlea nimpeleke jela kwa ajili ya mtu niliyemtemea mate.

Ni yeye aliyegeuka. "Ile picha ya Tumpe peke yake hawataiamini," akasema. "Watasema alijificha kwa sababu alijua gari litaua. Lakini wakituona wawili, wanawake wawili wasiojuana, mabonde mawili, tunainama vilevile..." Akashindwa kumaliza. Akaja akaniwekea kiganja juu ya mkono wangu uliokanyagwa, kwa uangalifu, asiuumize. "Fungua, Bibi."

5

Walimshika Subilaga siku ileile tulipopeleka gari mahakamani. Askari wa kiume alimpindisha mkono mgongoni wakati tayari anakwenda mwenyewe, akamgongesha paji kwenye mlango wa karandinga. Askari wa kike aliyekuwa naye aliifuta ile damu kwa ncha ya mkono wa shati lake, haraka, mwenzake asione.

Wiki ya pili mwanamke mwingine alifia kwenye mteremko wa Ilalo. Alikuwa mmoja wa wale kumi na saba. Alikufa na mtoto. Mume wake alikuja kwangu na panga, akakata mlango wangu wa jikoni vipande, akawa anauliza, "Mkunga yuko wapi? Umempeleka wapi mkunga wetu?" Sikukimbia, nilimwona ana haki. Alipochoka alikaa chini kwenye vile vipande. Nikapika uji. Aliunywa. Kesho yake alirudi na mbao mbili na misumari.

Siku ya kesi, hakimu alikuwa yuleyule wa kwanza. Walionyesha picha za ndani kwenye ukuta. Tumpe alikuwa anaimba, kilo mbili za sukari mapajani. Ghafla anatazama mbele, anaacha kuimba, anajiinamia, anajifunika. Picha ukutani ikatikisika, na kelele zake chini ya khanga zikawa zinasikika, anauliza kama Subilaga alivyouliza, limegonga nini. Halafu wakaonyesha ya Subilaga. Hakimu alikuwa anaandika. Kwa jinsi alivyoandika nilijua hajaelewa.

"Kwa nini nyote mnajificha?" akamuuliza Subilaga kizimbani. "Mlikuwa mnamwogopa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Namwogopa sana."

Wazee wa baraza waliokaa nyuma wakaguna, lakini hakimu hakuwasikia. Alikuwa anaandika tena neno lilelile.

Mlango ukafunguka. Mzee Gwakisa akaingia kwa magongo, ameletwa kutoa ushahidi. Mpaka hapo hakuna aliyekuwa amemwambia Subilaga kwamba atakuja. Alimwona, na kizimbani mule mule, mbele ya askari na karani na watu wote, akajiinamia hadi paji likagonga ubao, akavuta nguo ya jela juu ya kichwa chake. Na Mzee Gwakisa, kwa mguu mmoja, akizungusha magongo kwa tabu, akageuka akaipa mahakama nzima mgongo. Gongo moja likateleza. Akaanguka kifudifudi kwenye saruji, mdomo ukapasuka, na bado, akiwa pale chini, uso aliuelekeza ukutani.

Hakuna aliyecheka. Hakimu aliweka kalamu chini.

"Anafanya nini yule mzee?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Anamwogopa mkwewe, Mheshimiwa," karani akamjibu. Karani alikuwa wa kwetu.

Hakimu akatazama ukuta, akaomba ile picha ya kwanza irudishwe. Akaitazama mara nne. Mara ya nne alivua miwani.

6

Subilaga waliniachia siku hiyohiyo, kwa dhamana ya Mzee Gwakisa. Kesho yake alipanda mlima kwa miguu na mkoba wake. Gari liko uwanjani pa mahakama, halina vioo, kuku wa karani wanalala kwenye viti vya ngozi. Kesi ya Tumpe inasikilizwa upya mwezi ujao. Sijui watasema nini.

Nilikwenda kumwona gerezani. Nilikuwa sijawahi kumwona ana kwa ana. Nilimkuta mwembamba, kovu bichi shingoni. Wenzake walimkata kwa kipande cha bati, kwa sababu muuaji wa mzee hata wauaji wengine hawamtaki. Alikaa upande wa pili wa wavu, hanitazami. Nilimwambia mimi ni nani. Nikamwambia pia kwamba nilimtemea mate, maana sikutaka anishukuru kwa uongo.

Askari wa zamu alitazama saa yake, akatutazama, akaingiza mkono ule wenye saa mfukoni.

"Bibi," Tumpe akasema. "Umeiona picha ya nje pia?"

"Nimeiona. Nilipokuwa mwenye gari nilizifungua zote."

"Mimi hawakunionyesha. Nilikuwa nimejifunika. Walisema mahakamani alipigwa mgongoni. Walisema alikuwa ananikimbia." Vidole vyake vilikuwa vimeshika wavu hadi kucha zimekuwa nyeupe. "Nimekaa miaka mitatu nafikiria jambo hilo. Kwamba baba alikufa akinikimbia."

"Hapana, mama."

"Wewe umeona?"

"Nimeona kwa macho yangu. Gari bado liko mbali, linakwenda polepole. Amebeba kikapu mkono wa kulia. Anakuona ni wewe. Anatabasamu, mama, meno yanaonekana. Anahamisha kikapu mkono wa kushoto, ili kisikuzuie njia, anasogea kwenye nyasi, halafu anageuka. Taratibu. Anakupa mgongo kama mtu anayemfunulia mgeni mlango. Gari lilikuwa halijaruka bado. Hakuliona likiruka. Alikufa akikuheshimu."

Akaegemeza paji kwenye wavu. Sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kokote ila kwa wazazi, kichwa cha mtoto kinapopita. Nilipitisha vidole viwili kwenye tundu la wavu, hivyo tu ndivyo vilivyoenea, nikamgusa nywele.

"Ndaga," nikamwambia. "Ndaga, mama."

Askari akasema muda umekwisha. Alisema mara mbili, na mara ya pili aliomba.

Niliposimama Tumpe alinishika vile vidole viwili, akavikaza.

"Uje tena, Bibi," akasema. "Uje unisimulie tena alivyogeuka."